Ndege ya Dogiteri na Regilateri Nzito

Siku ya kuniaga mlipiga makofi, mkamaliza sambusa, mkanipa saa ya ukutani. Nilipofika nyumbani nikaifungua mgongoni: haina betri. Karakana nzima inayoishi kwa betri, mzee wenu mnamuaga kwa saa isiyo na betri! Sikukasirika. Nilicheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuuliza kama presha imepanda. Ila nikaona kumbe kuna mambo sijawafundisha vya kutosha, na sasa nimekaa barazani hapa Nyakabiga, daftari la mjukuu mapajani, niyaandike kabla sijaanza kuyasahau au, kibaya zaidi, kuyapamba.

Vyeo sitaviongelea. Nilivyopata mnavijua, na nilivyokosa mnavijua zaidi yangu. Nataka kuongelea betri, regilateri, na kosa moja.

Niliingia karakana nikiwa mtu mzima mwenye mke, nikitokea kwenye duka la kaseti la mjomba wangu, duka lililokufa pamoja na kaseti zenyewe. Mkubwa wa karakana alikuwa Fundi Hilali, Mungu amrehemu, mtu mfupi, ulimi mkali, suruali siku zote ina matundu ya risasi ya moto ya kuchomelea nyaya. Siku ya kwanza aliniwekea mezani stabilizateri mbili, yale masanduku ya kutuliza umeme ambayo kila mwenye friji Bujumbura alikuwa nalo, maana umeme wa mji ulipanda na kushuka utakavyo. Akaniuliza ipi nzuri. Mimi nikatafuta bisibisi. Akanipiga kofi mkononi.

"Nyanyua kwanza," akasema. "Nzito ndiyo yenye shaba. Nyepesi ni ya wezi."

Basi hivyo ndivyo nilivyoanza kazi. Na si sisi tu, mji mzima ulichagua hivyo. Mteja anaingia, ananyanyua hii, ananyanyua ile, kama mama anayechagua nanasi sokoni, anaondoka na nzito. Lakini wauzaji si wajinga. Haikupita miaka mingi tukafungua stabilizateri moja mpya tukakuta ndani kipande cha tofali, kimefungwa vizuri kwa waya, hata rangi kimepakwa. Mtu mwingine angebadili mawazo. Fundi Hilali alifikiri kidogo, akatoa sheria mpya: nyanyua, halafu tikisa.

Msimcheke sana. Sikio lake sijaliona kwa mtu mwingine. Alisikia transfoma inayonguruma vibaya kutoka ng'ambo ya barabara, na betri ndogo aliipima kwa ncha ya ulimi akakwambia imebakiwa na nini. Mimi nilijaribu ulimi mara moja, kwenye kitu kisicholambwa, na chai ikawa haina ladha siku mbili. Wateja nao walikuwa na ufundi wao. Mawe ya redio, yaani betri zake, yakichoka, waliyaanika juu ya bati kwenye jua, na kweli yaliongeza siku moja au mbili za taarifa ya habari. Hakuna aliyejua kwa nini, wala hakuna aliyeuliza.

Ndege zilitufikia kupitia mtu mmoja. Alikuwa daktari wa meno, nyumba yake Mutanga Nord, na sote tulimwita Dogiteri tu, kama vile mji haukuwa na daktari mwingine. Asubuhi moja aliingia na ndege kwapani, ndege ya kuongozwa kwa rimoti, aliyoichonga mwenyewe kwa mbao laini na povu gumu, mabawa marefu kupita kaunta yetu. Goreti alidhani mtu kaleta mlango.

Goreti, kwa nyinyi mliokuja juzi, ndiye mkuu wenu wa sasa. Wakati huo alikuwa ametoka shule ya ufundi, na kila kitu alikipima na kukiandika kwenye kijitabu. Akipima betri, anaandika. Akipima joto la karakana, anaandika. Nilimwita Madamu Kijitabu mbele ya wateja. Nilisema ni utani, lakini ulikuwa wivu.

Dogiteri na wenzake watano walikuwa wanarusha ndege zao Jumapili kwenye uwanja mmoja ng'ambo ya Gasenyi, nyumba zinapoishia. Karatasi za ruhusa alizihangaikia mwenyewe miezi mingi, na kuna mkubwa mmoja alimuuliza kwa dhati ndege inabeba abiria wangapi. Akajibu kwamba inategemea uzito wa panzi. Ruhusa ilichelewa mwezi mwingine.

Ndege zile za mwanzo zilikuwa rahisi. Ndani kuna kipokezi kinachoisikia rimoti, na kuna sevo, vile vimota vidogo vinavyosukuma mkia na vibao vya mabawa. Vyote vinataka volti tano hivi. Unaunganisha betri nne za nikeli, moja nyuma ya nyingine, kila moja volti moja na nukta mbili, unapata karibu tano, basi, umemaliza. Propela ilizungushwa na injini ndogo ya mafuta, na kila mtu alirudi kwake ananuka.

Kisha ikaja lithiamu, ile betri bapa iliyofungwa kwenye karatasi ya fedha kama chokoleti. Ni nyepesi, ina nguvu ya kutisha, na haina msamaha. Mteja mmoja alituletea yake imevimba kama mto, anasema ilichoka akaianika juu ya bati. Nilimwambia aiweke chini polepole, kisha atoke nje, na akifika nje aendelee kutoka. Tuliifukia kwenye ndoo ya mchanga uani. Fundi Hilali, aliyekuwa amestaafu ila hajaacha kuja, akaisimamia kwa mbali na kuisomea dua.

Ya kuchagua betri nawaachia haya. Ile namba kubwa ya kujisifu iliyoandikwa nje, iamini nusu, na mwezi wa joto iamini robo. Betri iliyotulia mezani itakuonyesha volti nzuri tu. Karibu zote zina adabu zikiwa hazina kazi. Ibebeshe mzigo. Funga balbu mbili za taa kubwa za gari, ziache ziwake dakika moja, kisha pima kila seli peke yake wakati balbu bado zinawaka. Seli moja ikishuka kuliko wenzake, hiyo betri haipandi hewani, hata mwenyewe akulilie. Usiihifadhi ikiwa imejaa, hasa kwa joto letu hili. Iache nusu, kwenye boksi la chuma, mbali na mapazia ya mke wako. Na usichukue kubwa kwa tamaa. Niliwahi kumuuzia mtu betri kubwa kupita kiasi, na ndege yake ikawa haina kazi nyingine ila kubeba betri.

Sasa, lithiamu tatu zikifuatana zinatoa volti kumi na mbili na zaidi kidogo zikijaa. Kipokezi kinataka tano. Ukikipa kumi na mbili kinaungua kabla hujamaliza bismillahi. Katikati lazima kuwe na regilateri, yaani kidhibiti cha volti, na ziko za aina mbili. Ya kwanza inapokea kumi na mbili, inatoa tano, na zile saba zilizobaki inazigeuza joto tupu. Ndiyo maana inafungwa bati nene la kupoza joto, na ndiyo maana ni nzito. Ya pili inaukata umeme vipande vipande kwa kasi na kuutoa ukiwa tano bila kupoteza sana. Ni ndogo, haipati moto sana, inapima kama biskuti. Ubaya wake ni kwamba ina kelele za redio, kwa hiyo uiweke mbali na kipokezi, na waya wake uuzungushe mara kadhaa kwenye ile pete nyeusi ya feriti. Ukiwa na sevo mbili ndogo, yoyote itakufaa. Ukiwa na nyingi, chukua ya kukata, usibishane na mtu.

Haya yote Goreti alikuwa nayo kwenye kijitabu. Mimi nilikuwa na miaka ya kazi.

Dogiteri alitumia miaka miwili kujenga ndege yake kubwa. Mota ya umeme, magurudumu yanayojikunja tumboni, sevo nane. Rangi aliipaka kwa vibrashi vya kazini kwake, na kila ukucha wa rubani wa kuchora ulionekana dirishani. Aliiweka mezani kwangu taratibu, akasema yeye hajui mambo ya ndani, nichague mimi.

Goreti akaleta regilateri ndogo ya kukata, akaiweka mezani pamoja na kijitabu, akaanza kutueleza: sevo nane zikifanya kazi pamoja, ile nzito itabaki na joto la kuchemshia chai. Nikainyanyua ile ndogo. Nikanyanyua nzito. Nikamwambia, Goreti, hii yako ukipiga chafya tutaitafuta chini ya kabati. Dogiteri naye akanyoosha mkono, akanyanyua hii, akanyanyua ile, maana na yeye ni mtoto wa mji huu. Akacheka, akanirudishia nzito. Wanaume wawili wenye mvi tumechagua kifaa cha ndege kwa sababu ni kizito, na tukaridhika sana na sisi wenyewe.

Nilikipima kifaa mezani. Dakika tano, kifuniko wazi, feni ya karakana ikipuliza juu yake, nikisogeza sevo moja moja. Volti tano kamili. Halafu nikakifunga ndani ya tumbo la ndege katikati ya povu, kisipate hata pumzi. Goreti aliuliza joto litatokea wapi. Nikamjibu kwamba ndege inapanda juu, na juu kuna baridi. Hilo nililisema kwa sauti, mbele ya watu, na sikuona aibu.

Jumapili nilikwenda uwanjani kwa sababu Dogiteri alinialika kama mgeni wa heshima. Ndege ilipaa vizuri mno. Ilizunguka, ikageuka mgongo chini, watu wakashangilia, mimi nikapokea pongezi nyingi kuliko aliyeijenga. Dakika kama ya sita akaanza kuishusha. Magurudumu yakafunguka, vibao vyote vikafanya kazi kwa pamoja, na hapo bawa la kushoto likashtuka. Likarudi. Likashtuka tena. Kisha ndege ikalala ubavu na kuingia kwenye mihogo ya watu, na miaka miwili ikaisha.

Wenzake wakakimbia kwenye mihogo. Dogiteri hakukimbia. Alibaki amesimama na rimoti mikononi, na hakuwa anatazama ndege, alikuwa anatazama vidole gumba vyake.

Kesho yake aliniletea mabaki kwenye gunia la mchele. Nikamuuliza kama anataka nijaribu kuitengeneza.

"Apana," akasema. "Chukua vyuma vinavyokufaa. Si ndege, Rama, ni mikono yangu. Kidole kilishtuka nikaona. Baba alianza hivi hivi kutetemeka."

Nilimwambia pole, na ndiyo yote niliyomwambia. Alipotoka nikafungua gunia. Povu lililozunguka regilateri lilikuwa limeyeyuka na kugeuka kahawia, limechora umbo lote la lile bati nene. Regilateri yenyewe nikaiunganisha: volti tano kamili, safi, haina habari. Ndivyo zilivyo. Ikizidiwa na joto inajizima ili isiungue, kipokezi nacho kinazimika, sevo zinashtuka na kukwama. Ikipoa kidogo inarudi kazini na uso wa mtu asiyehusika. Nilijua palepale. Sikuhitaji kijitabu cha mtu.

Ningependa kuwaambia nilikuwa na sababu ya kunyamaza. Nilikuwa na woga, basi. Nilikuwa Mzee Rama ambaye nusu ya mji ilimletea vitu na kusema we chagua, na sikutaka kuwa Mzee Rama aliyeangusha ndege ya Dogiteri kwa ubishi. Nikajiambia ni mchezo tu wa mtu mwenye nafasi, atajenga nyingine. Gunia nikalisukuma chini ya meza kwa mguu, nikaweka mbele yake kasha la redio bovu.

Zikapita wiki tatu. Mchana mmoja Goreti aliomba ruhusa akatibiwe jino, akarudi baada ya saa moja, shavu bado limevimba, macho mekundu kwa maumivu. Alisema kliniki ya Dogiteri imefungwa. Muuguzi wake alimwambia mlangoni kwamba Dogiteri hapokei tena wagonjwa, anawaelekeza kwa mwenzake, na kile kiti cha wagonjwa anakitafutia mnunuzi. Anaogopa kuingiza mashine kwenye mdomo wa mtu na mikono ile.

Nikainama juu ya meza yangu. Goreti akavuta lile kasha la redio kwa mguu, gunia likaonekana.

"Ile povu niliiona siku ya kwanza, Mzee Rama," akasema, mkono shavuni. "Nilikuwa nangoja uongee mwenyewe, kwa heshima. Sasa ni we utamwambia, ao ni mi?"

Nimegombezwa na wakubwa wengi katika maisha yangu. Hakuna aliyenitia aibu kama msichana yule mwenye shavu lililovimba, ambaye hakuinua hata sauti.

Nilibeba gunia, betri iliyojaa, sevo nane na kile kisanduku kidogo cha majaribio kinachosogeza sevo chenyewe bila rimoti, nikachukua teksi mpaka Mutanga Nord. Nilimkuta Dogiteri sebuleni saa tisa ya mchana, shati limepigwa pasi, hana pa kwenda. Sikumweleza mengi. Nikatandaza vitu mezani, nikaifunga regilateri ndani ya kipande kizima cha povu kama nilivyoifunga mwanzo, nikaunganisha sevo zote. Nikamwomba aweke mikono magotini na asiguse kitu chochote.

Zikaanza kucheza. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu, zinakwenda vizuri kabisa, na mimi jasho linanitiririka mgongoni. Miaka yote hiyo niliomba vitu vipone. Siku hiyo nilikuwa naomba kimoja kife, na kilikuwa kinakataa. Dakika ya tano ikaingia harufu. Kisha sevo zote nane zikashtuka kwa pamoja, zikaganda. Zikaamka. Zikashtuka tena.

Dogiteri alitazama meza, kisha akatazama magoti yake. Mikono ilikuwa pale pale, imetulia. Akaigeuza viganja juu, akaigeuza tena. Sevo zikashtuka mara ya tatu na yeye hakuzitazama.

"Ulijua lini?" akauliza.

Ningeweza kusema jana. Hakuna ambaye angenipinga isipokuwa Goreti. Nikamwambia ukweli, siku ile ile ya gunia, nilijua kabla chai yangu haijapoa.

Nikaanza kukunja nyaya nipate cha kufanya. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ile anayotumia kumwambia mgonjwa jino haliwezi kuokolewa.

"Regilateri tulinyanyua wote wawili. Hiyo si neno. Lakini wiki tatu, Rama. Wiki tatu nimekaa kwenye kiti hiki naangalia mikono yangu."

Nikarudisha vitu kwenye gunia. Akanisindikiza mpaka getini, kwa sababu ndivyo alivyolelewa.

Jumatatu alifungua kliniki, na Goreti alikuwa wa kwanza kwenye kiti. Mwaka uliofuata akajenga ndege nyingine, nzuri kuliko ile. Aliingia nayo karakana kwapani, akanisalimia, akauliza hali ya mke wangu na wajukuu, tukataniana kidogo juu ya mvi, halafu akaipita meza yangu na kwenda kuiweka kwenye meza ya Goreti. Ikawa hivyo miaka yote mpaka nilipostaafu. Meza zetu zilikuwa zimepakana, mnazijua. Nilimuona Goreti akimfungia zile regilateri nyepesi, akipima zikiwa na mzigo wote na kifuniko kimefungwa, bila feni, dakika kumi na tano kamili kwa kutazama saa, na ndege zote zilirudi chini kwa magurudumu yake.

Meno yangu Dogiteri ananitibu mpaka leo, na mkono wake hautetemeki hata kidogo. Ndege hajaniletea tena.